Dawa imeidhinishwa, lakini daftari lake liko wapi?

Tangu enzi za corona kuna ubishi mmoja ambao hauishi kwenye magrupu ya WhatsApp. Mtu anatuma picha ya kichupa cha chanjo au boksi la dawa mpya na kuuliza, "Hii imejaribiwa kwa nani, na matokeo yake kayaona nani?" Dakika mbili hazipiti, kambi mbili zimeshajipanga. Wa kwanza wanasema dawa imepitishwa na mamlaka, tena na Shirika la Afya Duniani, basi tuache maneno. Wa pili wanasema kampuni za dawa zinatuficha mambo, basi tusimeze chochote. Wote wawili wanabishana kana kwamba dawa "kuidhinishwa" na matokeo yake "kuwekwa wazi" ni jambo lilelile. Ni mambo mawili, na pengo lililopo kati yake limeshagharimu serikali fedha nyingi mno, na wagonjwa wengine limewagharimu uhai.

Tuanze na maneno. Jaribio la kitabibu ni utafiti ambapo watu waliokubali kwa hiari yao, mara nyingi, hugawanywa makundi kwa bahati nasibu. Kundi moja linapata dawa inayopimwa, jingine linapata dawa ya zamani au kidonge kitupu kisicho na dawa ndani. Kisha watafiti wanafuatilia: nani kapona, nani kazidiwa, nani katapika, nani kafariki. Kila mshiriki anajaziwa fomu kila anapofika kliniki. Taarifa hizo za mtu mmoja mmoja, kabla hazijajumlishwa, ndizo data ghafi. Kutokana nazo kampuni huandaa ripoti kamili, ambayo yaweza kufika kurasa maelfu, na kuipeleka kwa mamlaka ya dawa kuomba idhini. Kutokana na ripoti hiyo huchujwa makala ya kurasa kumi hivi kwenye jarida la kitaaluma. Hiyo ndiyo anayoisoma daktari wako, akipata nafasi.

Aliyewahi kuwa kwenye kikoba ataelewa haraka. Siku ya kuvunja, mweka hazina akisimama na kusema "tumekusanya vizuri, faida ipo", hiyo ni makala ya jarida. Akisoma mapato na matumizi ya kila mwezi, hiyo ni ripoti kamili. Akiliweka daftari katikati, kila mwanachama akatafuta jina lake na kuhesabu hisa zake mwenyewe, hapo sasa ndipo kwenye data ghafi. Mamlaka ya dawa ni mkaguzi aliyejifungia chumbani na mweka hazina. Huenda kakagua vizuri kabisa, lakini wewe uliyekaa mkekani huna namna ya kujua. Na si kila mkaguzi huomba daftari lenyewe. Mamlaka ya Marekani, FDA, hupokea data ghafi na kuzipigia hesabu upya, wakati ile ya Ulaya kwa miaka mingi imetegemea ripoti zilizoandaliwa na kampuni.

Kinachopotea njiani mara nyingi hakipotei kwa hila. Mwaka 1980 huko Uingereza, wagonjwa 95 waliotoka kupata mshtuko wa moyo waliingizwa kwenye jaribio la dawa iitwayo lorcainide, iliyokusudiwa kutuliza mapigo ya moyo yanayokwenda mrama. Kati ya 48 waliopewa dawa walifariki 9. Kati ya 47 waliopewa kidonge kitupu alifariki 1. Watafiti walidhani ni bahati mbaya tu, dawa ikaachwa kwa sababu za kibiashara, na matokeo yakakaa kabatini mpaka 1993. Katika miaka hiyo dawa nyingine za jamii hiyohiyo ziliendelea kuandikwa na madaktari wenye nia njema kabisa, mpaka jaribio kubwa la Marekani lilipoonyesha mwishoni mwa miaka ya 1980 kwamba baadhi yake zilikuwa zinaua watu waliopewa ili wasife. Walipochapisha hatimaye, watafiti wa lorcainide waliandika wenyewe kwamba matokeo yao yangeweza kuwa onyo la mapema.

Lakini wakati mwingine uchaguzi wa kipi kitoke na kipi kibaki una mwelekeo. Mwaka 2008 kundi la watafiti wa Marekani lilichukua majaribio 74 ya dawa za sonona yaliyokuwa yamesajiliwa FDA, likayatafuta moja moja kwenye majarida. Kwa hukumu ya FDA, majaribio 38 yalikuwa yameonyesha dawa inafanya kazi, na 37 kati yake yalichapishwa. Yaliyobaki 36 yalikuwa yameshindwa au hayaeleweki. 22 hayakuonekana popote, 11 yaliandikwa kwa namna iliyoyafanya yaonekane yamefaulu, na 3 tu ndiyo yaliyotoka kama yalivyo. Daktari aliyesoma majarida yote kwa bidii angeamini kwamba majaribio 94 katika kila 100 yalifaulu. Ukweli ulikuwa ni nusu tu. Haina maana dawa hizo hazina kazi, ila nguvu yake ilikuwa imetiwa chumvi, na aliyedanganyika zaidi ni yule daktari msomaji.

Kisa kilichobadilisha sheria za mchezo ni cha Tamiflu, nacho kinastahili kusimuliwa taratibu.

Tamiflu ni dawa ya mafua makali, iliyotengenezwa na kampuni ya Roche ya Uswisi na kuidhinishwa Marekani mwaka 1999. Hofu ya mafua ya ndege ilipoenea, kisha mafua ya nguruwe mwaka 2009, serikali zilianza kuiweka ghalani kama mahindi ya akiba. Uingereza peke yake ilitumia pauni milioni 424 kuinunua. Sababu ya kuinunua haikuwa kwamba inapunguza siku za kuumwa. Ilikuwa ni imani kwamba inazuia nimonia na inawaepusha watu na kulazwa hospitali.

Imani hiyo ilisimama juu ya nini? Mwaka huohuo wa 2009 daktari wa watoto wa Japani, Keiji Hayashi, aliuliza swali hilo kwa mtandao wa watafiti wa Cochrane, ambao kazi yao ni kukusanya majaribio yote ya dawa fulani na kuyapima kwa pamoja. Alikuwa ameona kwamba hitimisho lao kuhusu nimonia linategemea makala moja ya 2003, iliyojumlisha majaribio kumi ya Roche, huku baadhi ya waandishi wake wakiwa waajiriwa wa kampuni hiyohiyo. Katika hayo kumi, ni mawili tu yaliyokuwa yamechapishwa. Manane yaliyobaki yako wapi? Cochrane hawakuwa nayo. Waliwaandikia waandishi wa makala, wakaelekezwa kwa kampuni. Kampuni ikawa tayari kutoa kwa masharti, mojawapo likiwa kutunza siri. Jaribio kubwa kuliko yote, lenye washiriki zaidi ya 1,400, halikuwa limewahi kuchapishwa kabisa.

Hapo ndipo ilipoanza vuta nikuvute ya miaka minne. Jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, likaingia upande wa watafiti na kuanza kuchapisha hadharani barua zilizokuwa zikienda na kurudi. Mamlaka ya Ulaya ikatoa sehemu ya ripoti mwaka 2011. Mwaka 2013 Roche ikasalimu amri na kutoa ripoti kamili. Watafiti wakazama kwenye kurasa zaidi ya laki moja, na Aprili 2014 wakatoa jibu: kwa watu wazima, Tamiflu inapunguza muda wa dalili kutoka siku 7 hadi siku 6.3. Ushahidi wa kuaminika kwamba inapunguza watu kulazwa hospitali haukuwepo. Kichefuchefu na kutapika viliongezeka.

Nusu siku na ushei, kwa pauni milioni 424.

Haki itendeke: mwaka uliofuata watafiti wengine, kwa kazi iliyofadhiliwa na fedha za Roche, walipiga hesabu zao kwa njia tofauti na kuona faida zaidi, ikiwemo kwa wanaolazwa. Mjadala huo haujafungwa kabisa. Lakini umebadilika sura. Kabla ya hapo upande mmoja ulikuwa na namba na mwingine una mashaka tu. Sasa pande zote mbili zinabishana juu ya namba zilezile. Hilo ndilo ninalolidai mimi, wala si kwamba kampuni ishindwe. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliishusha Tamiflu kwenye orodha yake ya dawa muhimu, kutoka orodha kuu hadi ya nyongeza.

Kisa hicho kilisaidia kusukuma mabadiliko. Mwaka 2016 mamlaka ya Ulaya ilianza kuchapisha ripoti za majaribio ya dawa ilizozipitia, ili msomaji yeyote azipate. Marekani tayari ilikuwa na sheria ya 2007 inayotaka matokeo ya majaribio mengi yawekwe kwenye rejista ya umma ndani ya miezi 12 baada ya jaribio kumalizika. Sheria ni nzuri, utekelezaji ni wa kusuasua: barua ya kwanza rasmi ya FDA kumtangaza mkosaji ilitoka 2021, miaka 14 baadaye.

Na usidhani wakosaji ni kampuni pekee. Uchunguzi wa rejista ya Ulaya uliochapishwa 2018 ulikuta kwamba kati ya majaribio yaliyopaswa kuwa na matokeo, yale ya kampuni yalikuwa yametimiza kwa asilimia 68, na yale ya vyuo vikuu, hospitali na taasisi nyingine zisizo za kibiashara kwa asilimia 11 tu. Profesa anayelaumu viwanda jukwaani huenda ana jaribio lake mwenyewe limelala kwenye droo.

Wakati wa corona tulishuhudia upande wa pili wa jambo hilihili, yaani data ambazo hazikuwepo kabisa au zilikuwa hazina mashiko. Mei 2020 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliodai kuchambua wagonjwa 96,032 kutoka hospitali 671 duniani, wakiwemo wa Afrika, na kuona kwamba hydroxychloroquine, dawa iliyokuwa ikijaribiwa kutibu corona, inaongeza vifo. Siku chache baadaye Shirika la Afya Duniani likasimamisha kwa muda majaribio yake ya dawa hiyo. Watafiti wakaomba kuona data. Kampuni ndogo iliyodai kuzimiliki ikakataa hata kuwaonyesha wakaguzi huru, na wiki mbili tu baada ya kuchapishwa makala ikaondolewa.

Kisha ikaja ivermectin, dawa tunayoijua kwa matende na usubi. Utafiti mmoja wa Misri ulidai inapunguza vifo vya corona kwa kiasi cha kustaajabisha, na dunia nzima ikaunukuu. Mwaka 2021 mwanafunzi mmoja wa London aliyepewa kazi ya darasani kuhusu utafiti huo aligundua kwamba faili la data ghafi limewekwa mtandaoni, limefungwa kwa nywila. Akabahatisha 1234. Likafunguka. Ndani mlikuwa na wagonjwa walioandikwa kufariki kabla utafiti haujaanza, na safu za wagonjwa zilizoonekana kunakiliwa na kubandikwa tena chini. Utafiti ukaondolewa. Tafakari ni watu wangapi walikuwa wameshameza dawa kwa kuuamini, na ni muda mfupi kiasi gani ulitosha kuuangusha mara tu daftari lilipofunguka.

Hadi hapa mtu anaweza kudhani faida ya kuweka data wazi ni kukamata wezi tu. Mimi naona faida kubwa zaidi ni ya kimyakimya, na mfano wake bora uko kwenye malaria, ugonjwa wetu.

Mbali na ALu, dawa mseto tuliyoizoea, kuna mseto mwingine wa dihydroartemisinin na piperaquine. Kwenye maduka ya dawa wengi wanaujua kwa jina la Duo-Cotecxin. Majaribio yake mengi yalionyesha inaponya zaidi ya watu 95 katika kila 100. Kila jaribio likiangaliwa peke yake halikuwa na dosari, maana wanaoshindwa kupona ni wachache mno kuweza kuonyesha chochote. Mtandao wa watafiti wa malaria uitwao WWARN ukawaomba wenzao waliofanya majaribio hayo Afrika, Asia na kwingineko wachangie data ghafi. Ukapata tafiti 26, zenye wagonjwa zaidi ya 7,000. Zilipowekwa chungu kimoja, jambo likajitokeza: wale wachache walioshindwa kupona walikuwa zaidi watoto wa umri wa mwaka mmoja hadi mitano, na watoto hao, kwa namna vidonge vilivyogawanywa kwa uzito, walikuwa wakipata dawa pungufu kwa kila kilo ya mwili wao. Matokeo yalitoka 2013. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2015 ukaongeza dozi kwa watoto wa chini ya kilo 25.

Hakuna aliyekuwa ameficha kitu. Dozi ilikuwa ndogo, na ukweli huo ulikuwa umetawanyika vipandevipande kwenye kompyuta za watu waliokuwa hawajakutana.

Chanjo ya malaria, ile ya kwanza iitwayo RTS,S, inaonyesha kitu kigumu zaidi, kwamba uwazi unaweza kuleta hofu kabla ya kuleta utulivu. Jaribio lake kubwa lilifanyika 2009 hadi 2014 kwenye vituo 11 vya nchi saba za Afrika, Bagamoyo, Korogwe na Kilifi vikiwemo, kwa watoto 15,459. Katika kundi la waliochanjwa wakiwa na umri wa miezi 5 hadi 17, dozi nne zilipunguza malaria kwa karibu asilimia 36 katika miaka minne hivi. Lakini kwenye ripoti hiyohiyo, iliyochapishwa 2015, kulikuwa na mstari wa kutisha: katika kundi hilo la umri, watoto 22 walipata homa ya uti wa mgongo, na 21 kati yao walikuwa wamepata chanjo ya malaria. Mmoja tu alitoka kundi la ulinganisho, lililopewa chanjo ya kichaa cha mbwa. Kwa kuwa waliochanjwa malaria walikuwa mara mbili ya wenzao, kama chanjo haina uhusiano wowote ungetegemea kama 15 upande huu na 7 upande ule. Ilikuwa 21 kwa 1. Tena, watafiti ambao hawakushiriki jaribio hilo walipozipigia hesabu takwimu zilizowekwa hadharani, waliona kwamba wasichana waliochanjwa walifariki zaidi kuliko wasichana wa kundi la ulinganisho. Kwa wavulana tofauti hiyo haikuonekana.

Hizo ni habari ambazo kampuni yoyote ingetamani zisomwe na watu wachache. Zingefichwa, ama chanjo ingesambazwa kwa pupa, ama uvumi ungevuja na kuizika moja kwa moja. Kwa vile zilikuwa mezani, ikaamuliwa chanjo itolewe kwanza kwa majaribio kwenye maeneo ya Ghana, Malawi na Kenya kuanzia 2019, ikifuatiliwa kwa maswali hayohayo: uti wa mgongo, malaria iliyopanda kichwani, vifo vya wasichana. Kenya ilianzia Homa Bay. Baada ya watoto zaidi ya 800,000 kuchanjwa katika nchi hizo tatu, dalili zile hazikujirudia, na Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza chanjo itumike kwa upana. Baadaye ufuatiliaji huohuo ulionyesha vifo vya watoto kwenye maeneo yaliyopata chanjo vimepungua kwa asilimia 13.

Mpaka leo kuna watu wanaosambaza ule mstari wa 21 kwa 1 kama siri iliyovuja. Haikuwahi kuwa siri. Ilichapishwa na watafiti wenyewe, na ndiyo sababu ikafuatiliwa.

Sasa zile hofu zinazorudiwarudiwa. Ya kwanza, kwamba data zikiwekwa wazi washindani wataiba dawa. Namna ya kutengeneza dawa inalindwa na hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, na hataza yenyewe ni hati ya umma inayoeleza uvumbuzi. Data za majaribio zinaeleza yaliyowapata watu waliomeza dawa. Huwezi kufungua kiwanda kwa kujua ni wangapi walitapika.

Ya pili ina uzito zaidi: kwamba faili langu la hospitali litazagaa mtandaoni. Kabla data hazijatolewa huondolewa majina, namba za simu, tarehe kamili za kuzaliwa, wakati mwingine hata jina la kituo. Hata hivyo, ukisema mtoto wa kike wa miaka mitatu mwenye ugonjwa adimu kwenye kijiji kidogo, majirani hawahitaji jina. Kwa hiyo data ghafi mara nyingi haziachwi kwa kila mpita njia. Mtafiti huomba, hueleza anataka kufanyia nini, kamati hupitia, na husaini kwamba hatajaribu kumtambua mtu. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, Tanzania tangu 2022, na taarifa za afya zimo ndani yake. Ripoti za jumla, zisizo na mtu mmoja mmoja, sioni sababu yoyote ya kuzifungia.

Ya tatu huisikii kwenye magrupu, unaisikia kwa watafiti wa huku kwetu. Muuguzi na mkusanya data wamezunguka vijijini kwa bodaboda miaka mitano, masika na kiangazi. Data zinawekwa wazi, na kabla wao hawajapata fungu la kuajiri mtaalamu wa takwimu, mtu wa ng'ambo ameshazipakua na kuandika makala akiwa kwake. Malalamiko hayo ni ya haki. Yanatibika kwa kuwapa waliokusanya muda wa kwanza wa kuchambua, kwa kuwataja, na kwa kusomesha watu wa takwimu hapa hapa. Kulifunga daftari hakuwasaidii, maana data za Afrika zilizofungiwa kwenye seva za Ulaya ni ngumu zaidi kufikiwa na mtu wa Morogoro.

Kama wewe au mwanao mnaombwa kuingia kwenye jaribio, fomu ya ridhaa mtakayopewa kusaini huwa na jina la utafiti, na mara nyingi namba ya usajili. Majaribio ya Afrika yana rejista yake iliyo wazi, PACTR, yenye makao yake Cape Town. Kuitafuta ni bure, na ukiingiza namba hiyo utaona nani anafadhili, washiriki wanatakiwa wangapi, na kitu gani kiliahidiwa kupimwa kabla matokeo hayajajulikana. Kabla hujasaini, muulize anayekueleza: matokeo yatawekwa wapi, lini, na je, yatawekwa hata kama dawa itashindwa? Mtafiti aliyejipanga anayo majibu ya maswali hayo kabla hujafika.